Dirisha la setilaiti kati ya New York na Los Angeles: uchambuzi wa kisa cha Hole in Space (1980)

Jioni moja ya Novemba 1980, wapita njia kando ya Lincoln Center, kituo cha sanaa za maonyesho jijini New York, waliona kwenye dirisha la jengo watu wamesimama, wazima kuanzia unyayo hadi utosi, kwa kimo chao halisi. Watu hao hawakuwamo ndani ya jengo. Walikuwa Los Angeles, karibu kilomita 4,000 upande wa magharibi, nje ya duka kubwa la The Broadway kwenye eneo la maduka la Century City, na wao pia walikuwa wakiwatazama watu wa New York kwa njia hiyohiyo. Pande mbili zilionana, zikasikiana na kujibizana moja kwa moja kupitia setilaiti. Hapakuwa na kibao cha maelezo, jina la msanii wala nembo ya mfadhili. Kazi hiyo iliwashwa kwa jioni tatu tu.

Waliobuni ni Kit Galloway na Sherrie Rabinowitz, wasanii wawili wa Marekani. Waliiita Hole in Space, na kuieleza kuwa ni sanamu ya mawasiliano ya umma. Inafaa kuchambuliwa kwa undani kwa sababu mengi yanayokwamisha kazi za namna hii leo, pamoja na ubora wote wa vifaa vya sasa, yalitatuliwa pale kwa maamuzi machache yaliyoshikiliwa bila kulegea. Maamuzi hayo yalikuwa ya kuondoa: maelezo yaliondolewa, skrini ya kujitazama ikaondolewa, tofauti ya kimo ikaondolewa. Mitambo yote ilitumikia hayo.

Yaliyotangulia

Mwaka 1977, wakishirikiana na NASA, shirika la anga la Marekani, Galloway na Rabinowitz walikuwa wameunganisha wachezaji dansi waliokuwa sehemu mbili: kituo cha Goddard katika jimbo la Maryland, na Menlo Park katika jimbo la California. Picha za pande zote mbili zilichanganywa kuwa picha moja, na kila mchezaji alizungukwa na skrini zilizomwonyesha akiwa pamoja na wenzake wa upande wa pili. Ili aweze kumkaribia mwenzake ilimlazimu ajitazame, kwa kuwa mahali walipokutana palikuwa ndani ya picha, si sakafuni.

Jaribio hilo lilifundisha mambo mawili. Kwanza, kuchelewa kwa mawimbi ya setilaiti hubadilisha mwendo wa mwili, na wachezaji lazima wajifunze mwendo mpya unaokubaliana nako. Pili, mtu anayejiona kwenye skrini huanza kuuongoza mwili wake kupitia picha yake. Kwa mchezaji hiyo ni nyenzo. Kwa mpita njia ni kikwazo, maana akijiona hutengeneza kola, hukaa sawa, hupunga mkono aone unavyopunga, na mtu aliye mbele yake anageuka pambo la kando. Ndiyo sababu mwaka 1980 skrini ya kujitazama haikuwepo kabisa. Ni uamuzi mdogo kwenye karatasi, lakini ndio ulioibeba kazi yote. Programu za simu za video za leo humwekea mtumiaji sura yake mwenyewe pembeni ya skrini, na yeyote anayetumia programu ya namna hiyo kujenga dirisha la umma aanze kwa kuifuta.

Makampuni ya simu yalikuwa yameshajaribu njia nyingine. AT&T ilianza kuuza huduma ya Picturephone mjini Pittsburgh mwaka 1970, kwa dola 160 kwa mwezi. Ilikuwa skrini ndogo ya mezani inayoonyesha uso, na wateja hawakuja. Katika mpangilio ule, kila anayepiga anajua anampigia nani na kwa nini, na amekaa tayari kuangaliwa. Hole in Space iligeuza kila kipengele: mwili mzima badala ya uso, barabara badala ya ofisi, yeyote badala ya mtu fulani.

Robo sekunde

Setilaiti ya mawasiliano ya televisheni hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kutoka New York au Los Angeles umbali wa mshazari ni mrefu zaidi kidogo, kiasi cha kilomita 37,000 hadi 38,000. Mawimbi yakipanda na kushuka husafiri takriban kilomita 75,000, na kwa kasi ya kilomita 300,000 kwa sekunde hiyo ni robo sekunde. Kila upande unahitaji chaneli yake: moja inapeleka picha na sauti mashariki, nyingine magharibi. Kwa hiyo anayeuliza swali hupata jibu baada ya nusu sekunde, ukiongeza na muda wa mwenzake kufikiri.

Nusu sekunde inaonekana ndogo mpaka ulinganishe na mazungumzo ya kawaida. Utafiti wa lugha kumi uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa kati ya swali na jibu watu huacha wastani wa takriban milisekunde 200. Sasa fuatilia kinachotokea. Mtu wa New York anauliza, anatulia. Swali linafika Los Angeles robo sekunde baadaye, linajibiwa mara moja, na jibu linasafiri robo sekunde nyingine. Wakati huo muulizaji ameshasikia kimya kirefu kuliko alivyozoea, akadhani hakusikika, akarudia. Marudio yake yanagongana na jibu angani. Wote wawili wananyamaza kupishana, kisha wote wanaanza tena kwa pamoja.

Kwenye simu ya setilaiti yenye sauti tupu, hali hiyo huchosha haraka. Mwili mzima ukionekana, nafuu ni kubwa: unaona mwenzako anavuta pumzi, anainua mkono, anageukia rafiki yake. Watu hujifunza ndani ya dakika chache kusubiri kwa macho. Ndiyo sababu pia mchezo wa kubahatisha neno kwa ishara, ambao umati ulicheza kupitia dirisha lile, uliifaa kazi ile kuliko porojo. Mchezo huo una zamu zake, na robo sekunde inapotea ndani ya zamu.

Kuimba pamoja ni habari tofauti. Chukua wimbo wa mapigo 120 kwa dakika. Kila pigo ni nusu sekunde. Los Angeles wakiimba kwa kufuata wanachosikia kutoka New York, sauti yao inarudi New York ikiwa nyuma kwa pigo zima. New York wakipunguza mwendo ili wasubiriwe, Los Angeles nao wanapunguza, na wimbo unakokota hadi unasimama. Kinachowezekana ni kiongozi upande mmoja na kiitikio upande wa pili. Anayepanga tukio la muziki kwenye dirisha la namna hii apange wimbo wa kuitikiana, au aweke kipimo cha mapigo ambapo kuchelewa kunalingana na pigo kamili.

Kimo, ardhi na macho

Picha ya kimo halisi haipatikani kwa kukisia. Kanuni ni moja: upana wa eneo ambalo kamera inaliona, kwenye mstari ambapo watu watasimama, lazima ulingane na upana wa picha upande wa pili. Skrini ikiwa na upana wa mita 4 na watu wakisimama mita 4 kutoka kwenye kamera, lenzi inapaswa kuona pembe ya nyuzi 53. Kwa kamera yenye kihisi (sehemu inayopokea mwanga) cha upana wa milimita 36, hiyo ni lenzi ya milimita 36. Mstari ukisogezwa hadi mita 5, inahitajika lenzi ya milimita 45. Chukua upana wa kihisi, zidisha kwa umbali, gawanya kwa upana wa skrini.

Anayesimama nusu ya umbali huo anaonekana mara mbili ya kimo chake, na hapo dirisha linageuka bango la sura. Watu husogea karibu kwa silika, hasa wakitaka kusikia. Kinga nzuri ni kitu cha kawaida cha mtaani, kama ukingo wa maua au reli fupi, kinachowazuia kwenye mita 2.5 hivi. Kamba ya foleni haifai, maana inatangaza onyesho.

Kosa la mara kwa mara ni kupanua lenzi ili umati wote uenee. Watu wanapungua hadi theluthi mbili ya kimo chao, na papo hapo walio upande wa pili wanaanza kuwatazama kama watazamavyo televisheni: wanatoa maoni juu yao, hawawasemeshi. Bora wanaobaki nje ya picha wapokezane. Kosa lingine ni kuipandisha picha. Ukingo wa chini wa picha ukutane na ardhi, au ukaribie kiasi kwamba nyayo zinaonekana kukanyaga sehemu ileile anayokanyaga mtazamaji. Mtu asiye na miguu ni mtangazaji. Mwenye miguu ni jirani.

Macho ndiyo kipimo kigumu. Anayetazama uso kwenye skrini haitazami kamera, na upande wa pili humwona akitazama pembeni. Kupotoka kwa kiasi cha nyuzi 5 kunavumilika iwapo kamera iko juu ya macho, maana binadamu hugundua kwa wepesi mdogo mtu anayetazama chini kidogo kuliko anayetazama kando. Kwenye mita 4, nyuzi 5 ni sentimita 35. Skrini ya kimo cha mita 2.25 yenye kamera juu ya ukingo wake inatoa upotofu wa zaidi ya nyuzi 9 kwa macho yaliyo mita 1.6 kutoka ardhini, na hapo kila mtu ataonekana kama anasoma vifungo vya shati la mwenzake. Dawa yake ni kamera ndogo, isiyozidi sentimita 5, iliyoning'inizwa mbele ya skrini kwa fimbo nyembamba kwenye kimo cha mita 1.95 hivi. Kwa umbali huo jicho hulizoea doa hilo jeusi upesi.

Giza la sehemu mbili

New York iko mbele ya Los Angeles kwa saa tatu. Katikati ya Novemba jua linatua Los Angeles kabla kidogo ya saa 11 jioni, na giza la kutosha linapatikana kama saa 11 na robo. New York hapo ni saa 2 na robo usiku, na baridi ya majira ya kupukutika kwa majani imeshaingia. Kazi ya namna hii inayotumia picha za projekta lazima isubiri jiji la magharibi liingie giza, lakini isichelewe mpaka jiji la mashariki likalale. Nafasi ya pamoja haizidi muda wa saa tatu hivi. Kila jozi ya miji ina nafasi yake, na inatakiwa ihesabiwe kabla ya kuweka tarehe, maana wiki chache tu zinaweza kuifunga.

Hesabu ya mwanga ni rahisi. Projekta ya lumeni 10,000 (kipimo cha mwanga unaotoka) kwenye skrini ya mita 4 kwa 2.25, yaani mita 9 za mraba, inatoa takriban laksi 1,100 (kipimo cha mwanga unaofika juu ya kitu). Taa za barabarani hutoa laksi 10 hadi 50, hivyo usiku picha inang'aa vizuri. Mchana wazi unapita laksi 10,000 hata kwenye kivuli chepesi, na projekta hiyo haionekani kabisa. Anayetaka mchana atumie paneli za LED za nje, akikumbuka kuwa nafasi kati ya nukta kwa milimita inakaribia kuwa umbali mdogo kabisa wa kutazama kwa mita: nukta za milimita 4 hazifai anayesimama mita 2.

Nyuso nazo zinahitaji mwanga, laksi 100 hadi 200, la sivyo kamera itaongeza wepesi wake wa kuhisi mwanga na picha itajaa chembechembe. Taa zikiwa nyuma ya watazamaji au usawa wa vichwa, kioo cha dirisha kitawarudishia sura zao na uamuzi wa kuondoa skrini ya kujitazama utakuwa umevunjwa na kioo chenyewe. Ziwekwe juu, pembeni, kwa pembe inayozidi nyuzi 45, na zipangwe usiku ule ule wa majaribio mtu akiwa amesimama kwenye mstari.

Sauti, mahali kazi nyingi zinapofia

Picha mbovu huvumiliwa. Sauti mbovu huua dirisha ndani ya dakika kumi, na watu huondoka bila kujua kwa nini. Shida ni mzunguko. Sauti ya New York inatoka kwenye spika Los Angeles, inaingia kwenye maiki ya Los Angeles, inarudi New York nusu sekunde baadaye. Msemaji anasikia maneno yake mwenyewe yakimfuata, na kusema ukisikia sauti yako imechelewa ni vigumu sana: ulimi unaanza kukwama. Mzunguko ukiwa na nguvu ya kutosha kiasi kwamba kila mwangwi unarudi na ukubwa uleule au zaidi, sauti inajirundika hadi inafunika kila kitu. Chumbani hali hiyo hupiga mluzi mara moja. Kwenye kiungo cha setilaiti huja kama wimbi, neno moja likirudi na kurudi kila nusu sekunde, na fundi asiyeijua hudhani ni hitilafu ya laini.

Kinga ya kwanza ni mpangilio wa vitu, kabla ya kifaa chochote cha kielektroniki. Spika ziwe chini, kwenye kimo cha kifua, karibu kabisa na picha, ili sauti itoke pale mdomo unapoonekana. Maiki ziwe juu, zikiwatazama watu na kuzipa spika mgongo. Maiki ya kadioidi, yaani inayosikia zaidi mbele kuliko nyuma, huzuia sauti ya nyuma yake kwa desibeli (kipimo cha nguvu ya sauti) 15 hadi 25 kwa kawaida. Kila umbali kati ya spika na maiki unapozidishwa mara mbili, desibeli 6 zinapungua. Maiki chache ni bora kuliko nyingi: kila idadi ya maiki zilizo wazi inapozidishwa mara mbili, nafasi ya kuongeza sauti kabla ya mluzi inapungua kwa desibeli 3. Kwa skrini ya mita 4, maiki mbili au tatu zenye kifaa cha kuchanganya sauti kinachofunga zisizotumika zinatosha.

Kifaa cha kufuta mwangwi ndicho faida kubwa ya zama hizi, na ndicho pia kinachowekwa vibaya kuliko vyote. Kinafanya kazi kwa kulinganisha kile kilichopelekwa kwenye spika na kile kilichoingia kwenye maiki, kisha kinaondoa kinachofanana. Kwa hiyo nakala kinayopewa ya sauti ya spika lazima ichukuliwe baada ya marekebisho yote ya ukubwa na toni. Ikichukuliwa kabla, kila mara mtu akigusa kitasa cha sauti kifaa kinapotea na mwangwi unarudi kwa sekunde kadhaa. Lingine, spika na maiki ziunganishwe kwenye kadi moja ya sauti. Kadi mbili zina saa mbili, na tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, ambayo ni ya kawaida, inazalisha mteleko wa milisekunde 3 kila dakika. Dirisha linasikika vizuri asubuhi ya majaribio na limeharibika jioni, na hakuna aliyegusa kitu.

Zima pia kipunguza kelele. Programu za mikutano hukiwasha zenyewe, na kimefunzwa kuacha sauti ya mtu mmoja anayesema. Kicheko cha watu thelathini, makofi, wimbo: vyote kwake ni kelele, na huvikata. Kwenye dirisha la mtaani hivyo ndivyo vitu vyenyewe.

Kupima kufanywe kwa mpangilio huu: upande mmoja ukae kimya kabisa, wa pili aseme mtu mmoja kwenye mstari kwa sauti ya kawaida, na spika zipandishwe mpaka sauti yake isikike juu ya kelele za barabara kwa desibeli 10 hivi. Kisha badilisheni pande. Kisha pande zote ziwe wazi, na mmoja apige kofi mara moja. Mwangwi ukisikika ukirudi, punguza spika kwa desibeli 3 na urudie. Mwisho leteni watu ishirini, kwa sababu miili yao inameza na kurudisha sauti kwa namna ambayo eneo tupu haliwezi kuonyesha.

Jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu

Jioni ya kwanza ilikuwa ya kugundua. Watu walisimama, wakauliza wako wapi, wakathibitishiana. Jioni ya pili walikuja waliosikia kwa mdomo, wakiwa wamepanga kukutana na mtu fulani ng'ambo. Taarifa za habari za televisheni zilipokwisha kulitangaza jambo lile, jioni ya tatu ikawa ya familia na wapendwa kutoka pande mbili za bara, baadhi yao wakiwa hawajaonana kwa zaidi ya miaka ishirini.

Wapo wanaoona kuwa kazi ilipoteza siri yake jioni ya tatu. Uchambuzi huu unaona kinyume: jioni ya tatu inaonyesha watu walivyoichukua kazi ya sanaa na kuifanya yao bila kuruhusiwa wala kufundishwa, na hilo lingeshindikana kama jioni ya kwanza ingekuwa na bango. Bango lingesema ni nini, na watu wangekuja kuangalia hicho kilichosemwa. Ukimya wa wasanii uliacha nafasi ya matumizi ambayo hayakuandikwa popote.

Kifundi, kila jioni ilihitaji mpangilio tofauti. Kumi wanaoshangaa wanasikika kwa maiki mbili. Mamia wanaoita majina ya ndugu zao wanapandisha kelele za eneo kiasi kwamba hakuna mpangilio wa spika unaozishinda bila kuamsha mwangwi. Picha za kumbukumbu zinaonyesha watu wakipaza sauti na kuashiria kwa mikono. Anayepanga jioni kadhaa aandae mapema hali ya umati: maiki ya pili iliyo karibu, na mtu upande kila mmoja anayewapisha watu kwa upole kwenye mstari wa mbele bila kugeuka mshereheshaji.

Linganisho la 2024

Tarehe 8 Mei 2024, kazi iitwayo The Portal ya msanii wa Lithuania, Benediktas Gylys, iliunganisha Dublin na New York kwa skrini mbili za duara zilizowekwa barabarani. Awali ilikuwa imeunganisha Vilnius na Lublin mwaka 2021. Picha ilikuwa ya moja kwa moja, sauti haikuwepo, na skrini iliwaka usiku na mchana. Baada ya siku chache ilizimwa kwa sababu ya watu walioonyesha picha za kuudhi na kujianika mbele ya kamera. Ilirudi tarehe 19 Mei ikiwa na saa maalum za kuwaka na utaratibu wa kufifisha picha pande zote mbili iwapo mtu anaiziba kamera au anapanda juu ya umbo lenyewe.

Ni rahisi kulaumu tabia za watu, lakini maamuzi ya usanifu yana sehemu yake. Bila sauti, anayefanya fujo hasikii kukemewa, wala kicheko cha kumkatisha tamaa. Kilichobaki kwake ni ishara, na ishara yenye nguvu kuliko zote ni ya kuudhi. Kuwaka saa zote kunamaanisha kuwa kuna saa ambazo upande mmoja ni umati wa walevi na upande mwingine ni wazazi na watoto. Umbo la duara lililosimama peke yake uwanjani linakaribisha kupandwa na kupigwa picha. Kufifisha picha ni dawa nzuri ya kuziba kamera, haiwezi kufanya kazi ya sauti. Anayejenga leo aweke sauti hata kama ni ngumu, na awashe kwa saa chache ambazo pande zote mbili zina watu wa namna moja barabarani.

Bajeti ya kuchelewa bila setilaiti

Kwa faiba, yaani nyuzi za kioo za mawasiliano, mwanga husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kilomita 4,000 zinachukua milisekunde 20 kwa nadharia na 30 hadi 40 kwa njia halisi. Wengi hufikiri kuchelewa kumekwisha. Kisha huongezeka kamera, milisekunde 30 hadi 50. Kubana picha, 20 hadi 50. Akiba ya kusawazisha pakiti (vipande vya data vinavyosafiri mtandaoni), 20 hadi 60. Kufungua, 10 hadi 30. Na skrini yenyewe, 20 hadi 50. Jumla inaweza kufika robo sekunde ileile ya 1980, na kama projekta imewashwa marekebisho ya picha inapita. Kipimo cha kimataifa cha mazungumzo kinataka chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja, na 400 ni ukomo.

Pa kuokoa ni hapa: zima marekebisho yote ya projekta au tumia hali yake ya michezo, weka kodeki (programu ya kubana na kufungua picha) bila fremu zinazotegemea fremu zijazo, tumia kebo, kamwe si Wi-Fi. Picha ya 1080p ya fremu 30 inahitaji megabiti 4 hadi 8 kwa sekunde, na laini ya kupakia iwe na angalau mara mbili ya hapo isiyotumiwa na mtu mwingine. Sauti ikija peke yake kwa haraka zaidi, icheleweshwe ilingane na midomo, kwa sababu sikio hugundua sauti inayotangulia kwa milisekunde 45 tu, lakini huvumilia inayochelewa hadi 125. Kupima, weka saa ya kusimamishia mbele ya kamera ya upande mmoja, upande wa pili uirudishe kwa kuielekezea kamera yake skrini, na piga picha moja inayoonyesha saa halisi na saa iliyorudi. Gawanya tofauti kwa mbili.

Kurekodi

Kilichobaki cha Hole in Space ni kumbukumbu ya video inayoonyesha pande mbili kwa pamoja, na hapo kuna tatizo ambalo wahariri wengi hawalioni. Kanda zikioanishwa kwa saa ya dunia, kila mtu ataonekana mzito wa kujibu. Ukiichelewesha kanda ya Los Angeles kwa robo sekunde, unapata mazungumzo kama New York walivyoyasikia, na Los Angeles wanaonekana wamechelewa nusu sekunde kamili kwa kila jambo. Ukifanya kinyume, lawama inahamia New York. Hakuna mkao wa tatu ulio sahihi kwa wote. Kwa hiyo rekodi mikondo minne kila jioni, kilichopelekwa na kilichopokelewa kwa kila upande, zote zikiwa na alama za muda kutoka saa moja ya mtandao, na andika kwenye kila faili ni la upande gani. Anayehariri baadaye ataweza kuonyesha sehemu ileile mara mbili, kwanza kama ilivyopokelewa mashariki, kisha kama ilivyopokelewa magharibi.